Saa 18 za kwenye karatasi

Barua ya nne ilikuwa safi kupita kiasi. Ndiyo iliyomleta mwanafunzi mpaka mlangoni mwa chumba cha mikutano tulichopewa na mteja tuliyekuwa tunamkagua hesabu, saa 1:40 usiku, kompyuta ameikumbatia kifuani, akisubiri nimalize simu. Nilikuwa nabishana na meneja kuhusu bidhaa zilizododa ghalani. Nikampungia mkono aseme tu.

"Kaka, samahani. Huyu mdaiwa salio lake limelingana na letu mpaka senti. Wakubwa wenzake wote wana katofauti. Halafu anwani yake ya baruapepe si ya kampuni."

"Limelingana na leja?"

"Limelingana."

"Basi weka tiki, mdogo wangu. Tunasonga."

Akaweka tiki.

Mazungumzo hayo hayakumaliza hata dakika moja. Kilichofuata kilichukua wiki kadhaa, na sehemu kubwa ya lawama ni yangu, kwa kuwa ndiye niliyekuwa kiongozi wa timu. Kampuni siitaji, wala mteja, wala mwanafunzi mwenyewe. Atakayesoma bila shaka atawafahamu watu wa aina hii bila kutajiwa majina.

Alikuwa anasoma uhasibu, na alikuja kufanya mafunzo kwa vitendo ya mwaka mzima katika kampuni kubwa ya ukaguzi wa hesabu kabla ya kurudi chuoni kumalizia mwaka wa mwisho. Mwaka mzima si sawa na miezi miwili ya likizo. Anayekuja miezi miwili ni mgeni, anaonyeshwa kazi, anabandika karatasi, anaaga. Wa mwaka mzima anahesabiwa mtu wa kazi. Anapangwa kwenye ratiba, saa zake zinatozwa kwa mteja, anapimwa kama wengine, na kila mtu, yeye akiwa wa kwanza, anajua kwamba huo mwaka ni usaili mrefu. Akifanya vizuri anarudi chuoni na barua ya ajira mkobani.

Wiki mbili za mwanzo zilikwenda kama kawaida: kutia saini kwamba hana hisa kwa wateja wetu, kuonywa kuhusu siri za wateja, kujifunza programu ya majalada ya ukaguzi, na mafunzo ya haraka haraka ya viwango vya ukaguzi. Wiki ya tatu alikuwa kwa mteja. Alianza na benki na matumizi madogo madogo, akaenda kuhesabu bidhaa maghalani, akajifunza kwamba mkaguzi hupanda ngazi na kufungua boksi la nyuma kabisa. Mwezi wa nne nilimwandikia tathmini ya kwanza. Nakumbuka maneno yenyewe: "Ana kasi, anamaliza ndani ya bajeti, hana maswali mengi." Hayo ya mwisho niliyaandika nikidhani namsifu.

Mwezi wa tano ndio ulioleta msimu wenyewe, ule ambao kampuni nyingi zimefunga mwaka kwa wakati mmoja na zote zinataka ripoti kwa wakati mmoja. Nikampa wadaiwa.

Mteja alikuwa msambazaji wa jumla anayeuza kwa mkopo, kwa hiyo kwenye mizania yake fungu kubwa kuliko yote lilikuwa fedha anazowadai wanunuzi wake, 212 kwa idadi. Kwa mkaguzi, deni lililoandikwa kitabuni ni maneno ya upande mmoja mpaka mtu wa nje aseme, ndiyo, nadaiwa. Ndiyo kazi ya barua za uthibitisho. Tunachagua wadaiwa, tunawaandikia kwa ridhaa ya mteja, tunawauliza vitabu vyao vinasema wanadaiwa kiasi gani, nao wanatujibu sisi. Tulichagua 25 waliobeba asilimia 68 ya salio lote.

Uzito wote uko kwenye hilo neno "sisi". Kiwango cha Kimataifa cha Ukaguzi namba 505, yaani ISA 505, kinamtaka mkaguzi ashike mwenyewe usukani wa zoezi: aamue anauliza nini, achague wa kuulizwa, ahakikishe anwani ni sahihi, atume mwenyewe, na aelekeze majibu yaje kwake moja kwa moja. Jibu likipita mikononi mwa mtu mwingine, au likionekana halikutoka kwa yule aliyeandikiwa, kiwango hicho kinalihesabu kuwa dalili ya mashaka, na mkaguzi mwenye mashaka hana hiari: anatafuta ushahidi zaidi.

Masharti haya yana historia. Mwaka 1938 kampuni ya dawa ya McKesson & Robbins, huko Marekani, iligundulika kuwa na mamilioni ya dola ya bidhaa na wadaiwa ambao hawakuwapo duniani. Wakaguzi hawakuwa wamewaandikia wadaiwa wala kwenda ghalani, kwa kuwa taratibu za wakati ule hazikuwalazimisha. Mwaka uliofuata taaluma nchini humo ikayafanya mambo hayo mawili kuwa sehemu ya ukaguzi wa kawaida. Desemba 2003 huko Italia, kampuni ya maziwa ya Parmalat ilianguka baada ya Bank of America kusema kwamba hati ya kuthibitisha karibu euro bilioni 3.9 za kampuni yake tanzu ilikuwa ya kughushi. Hati ilikuwepo jaladani, na jina la benki lilikuwa juu yake. Ila benki haikuiandika.

Mwanafunzi alikuwa amefundishwa yote hayo wiki ya pili, pamoja na mfano wa Italia. Alikuwa anayajua kuliko mimi nilivyokuwa nayakumbuka.

Katika barua 25, majibu 16 yalikuja kwetu moja kwa moja. Wadaiwa watano walinyamaza. Manne yaliyobaki yalikwenda kwa afisa wa mteja anayefuatilia madeni, naye akayasukuma kwetu kwa baruapepe, na maneno ya heshima juu yake: "Kuwarahisishia kazi." Alikuwa mtu mwema. Aliona wanunuzi wake wanachelewa, akawapigia simu, nao wakamjibu yeye kwa kuwa ndiye wanayemfahamu. Wakaguzi wengi hawaibiwi, wanasaidiwa. Afisa mwenye roho nzuri wakati wa msimu ni hatari kuliko mkorofi, maana mkorofi unamchunga.

Barua ya nne kati ya hizo ilikuwa ya mdaiwa mwenye asilimia 9 ya deni lote, zaidi ya mara mbili ya kiwango chetu cha uzito, yaani kile kiasi ambacho kosa likikipita linaweza kumbadilishia msomaji wa hesabu uamuzi wake. Na hapa nataka kukaa kidogo, kwa sababu alichokiona mwanafunzi hakikuwa kwenye mafunzo yoyote. Katika yale majibu yaliyokuja moja kwa moja, wadaiwa wakubwa wote walikuwa na tofauti ndogo. Ndivyo biashara inavyokwenda. Ankara imetolewa tarehe 30, lori limefika tarehe 2. Mdaiwa amelipa Ijumaa, benki imeingiza Jumatatu. Kila tofauti ina hadithi yake na inasuluhishika, lakini ipo. Jibu la kweli huja na vumbi. Yeye alikaa na majibu hayo siku mbili, akayasuluhisha moja moja, na jicho lake likazoea vumbi. Lilipokuja lisilo na vumbi likamshtua. Kwenye daftari lake dogo la mkononi aliandika, "Mbona huyu hana hata senti?" akapiga mistari miwili chini yake. Daftari hilo nililiona baadaye sana. Kwenye jalada la ukaguzi hakuna hata herufi moja ya swali hilo.

Kwenye jalada kulikuwa na sentensi hii: "Majibu yote yamepokelewa moja kwa moja kutoka kwa wadaiwa, hakuna tofauti yenye uzito." Sentensi hiyo hakuitunga. Ilikuwa kwenye karatasi ya mwaka uliotangulia, na mwaka ule ilitoka kwa mwaka wa nyuma yake. Alichukua karatasi ya zamani kama tulivyomfundisha, akabadilisha tarehe, akabadilisha namba, maneno akayaacha. ISA 230 inataka jalada liandikwe hivi kwamba mkaguzi mzoefu ambaye hakuwahi kuigusa kazi hiyo aweze kuelewa nini kilifanyika. Huyo mkaguzi mzoefu angesoma karatasi yetu na kuelewa vizuri kabisa jambo ambalo halikufanyika.

Sasa saa.

Bajeti ya wadaiwa ilikuwa saa 18. Mwaka uliotangulia ilikuwa 18 pia, na aliyefanya aliandika 18 kamili, jambo ambalo lingetosha kumshtua mtu yeyote kama lile salio la barua ya nne. Kazi yenyewe, kwa hesabu tuliyoifanya baadaye kwa daftari lake, ilimchukua 31. Saa 4 kuandaa orodha na barua. Saa 5 kuwapigia wasiojibu. Saa 7 kusuluhisha majibu. Saa 6 kuandika. Na saa 9 nzima kwa wale watano walionyamaza, maana mdaiwa asipojibu mkaguzi hatikisi kichwa na kuendelea. Anatafuta njia nyingine. Watatu kati yao walikuwa wamelipa baada ya mwaka kufungwa, akaona fedha zikiingia benki, yakaisha. Wawili hawakuwa wamelipa, kwa hiyo ilibidi atafute hati za kupokelea mzigo zenye saini ya mpokeaji. Hati hizo mteja alikuwa ameziweka kwa namba ya gari. Si kwa jina la mnunuzi, si kwa tarehe. Alikaa chini kwenye sakafu ya stoo na maboksi 14, akifungua gari moja baada ya jingine, mpaka akazipata. Ni kazi nzuri, na ndiyo sehemu ya jalada ambayo hakuna aliyeigusa tena.

Kwenye taimushiti, ile karatasi ya kujaza saa za kazi, aliandika 18.

Sisi tulikuwa tunaita kuficha saa, na ninasema "tulikuwa" kwa aibu, maana hata mimi nilizificha nilipokuwa mwanafunzi wa mafunzo, na aliyenifundisha hakunifundisha kwa maneno. Unaona nani anasifiwa. Unaona sura ya kiongozi wako unapomwambia umezidisha. Unapiga hesabu: nikiandika 31 nitaonekana mzito, nikiandika 18 nitaonekana mwepesi, na tofauti nitailipa kwa usingizi wangu. Hakuna anayeibiwa, unajiambia. Lakini saa zilizofichwa zina mtoto. Mwakani anayepanga bajeti atafungua taimushiti, ataona 18, ataandika 18, na atakayefuata atakuta kazi ya saa 31 kwenye nafasi ya 18. Akishindwa kufanya miujiza, kitakachokatwa ni kile ambacho hakionekani kikikatwa: simu moja ya kuhakikisha, kiambatisho kisichofunguliwa, swali la pili. Si jambo jipya. Huko Marekani tume huru iliyochunguza wajibu wa wakaguzi ilitoa ripoti yake mwaka 1978, na shinikizo la bajeti za muda lilikuwamo kati ya mambo iliyoyanyooshea kidole.

Kwa hiyo aliponijia saa 1:40 usiku alikuwa tayari ameshakula bajeti yake na nusu ya nyingine kimya kimya. Mimi nilisikia swali moja dogo. Yeye alikuwa anaomba ruhusa ya kutumia saa ambazo kwenye karatasi hazikuwepo.

Jambo lilifumuka siku tatu kabla ya mbia, yaani mmoja wa wenye kampuni yetu ya ukaguzi, kusaini ripoti. Meneja wetu alikuwa anapitia jalada, na tofauti na wengi wetu yeye hufungua viambatisho. Akaona baruapepe iliyosukumwa. Akaandika hoja ya maneno matatu: "Jibu limefikaje hapa?" Mwanafunzi akajibu ndani ya dakika kumi: "Kupitia kwa mteja. Samahani." Hakuongeza kwamba aliuliza. Meneja akatuita wote wawili, akauliza kwa nini karatasi inasema moja kwa moja. Mwanafunzi akatazama meza. Mimi nikasema, "Tutalirekebisha." Jibu zuri la kiongozi wa timu, lenye kila kitu isipokuwa ukweli.

Marekebisho yalichukua siku moja na nusu. Anwani na namba za simu za wale wadaiwa wanne tulizitafuta wenyewe kwenye kumbukumbu za wazi na tovuti zao, hatukuzichukua kwenye barua zilizoletwa, maana namba iliyoandikwa kwenye barua unayoitilia shaka itakupeleka kwa mtu yule yule. Tukawaandikia upya, tukawapigia, majibu yakaja kwetu.

Barua ya nne ilikuwa halali. Karani wao alitumia baruapepe yake binafsi kwa kuwa mfumo wa kampuni yao ulikuwa umezimika wiki ile, na salio lililingana mpaka senti kwa sababu mteja na mdaiwa huyo huwa wanakaa pamoja kila robo mwaka kusuluhisha hesabu zao, na kikao cha mwisho kilikuwa siku mbili kabla ya mwaka kufungwa. Vumbi lilikuwa limeshafutwa. Ningemwachia mwanafunzi dakika tatu, simu moja ingemjibu.

Tatizo lilikuwa kwenye barua ya pili, ambayo hakuna aliyeitazama mara mbili. Mdaiwa huyo alikuwa amerudisha mzigo mwezi wa mwisho wa mwaka, mteja hakuwa ametoa hati ya kupunguza deni, na kwenye jibu lake la awali alilieleza jambo hilo waziwazi. Kwenye ukurasa wa pili. Afisa wetu mwema alitusukumia ukurasa wa kwanza peke yake. Alipoulizwa alisema alidhani ule wa pili ulikuwa unamhusu yeye, kwa vile ulizungumzia mzigo kurudi. Namwamini. Kiasi kilikuwa chini ya kiwango cha uzito lakini kikubwa kuliko cha kupuuzwa, mteja akakubali, hesabu zikarekebishwa, mbia akasaini kwa tarehe ile ile.

Ofisini wengi waliona yameisha. Fedha hazikuibwa, tarehe haikusogea. Mmoja akasema hata yule mwanafunzi alikosea, maana alishuku barua iliyokuwa sawa na kuiacha yenye kasoro. Hapo ndipo ninapokataa. Pua yake ilielekea kwingine, ni kweli, na pua za wakaguzi wazoefu hupotea vivyo hivyo. Kanuni ya majibu kuja moja kwa moja imewekwa kwa sababu hiyo hasa: haitegemei pua ya mtu. Ingefuatwa kwa barua zote nne, ule ukurasa wa pili ungefika. Na alipouliza kuhusu moja, alikuwa ameugusa mlango wa zote nne. Mimi ndiye niliyeufunga.

Tathmini ya nusu mwaka ilifika wiki mbili baadaye. Daraja lake lilishuka. Iliandikwa, "Aongeze umakini katika kunakili karatasi za mwaka uliopita." Yangu haikuguswa. Nilikaa na hilo siku mbili, na sitajisifu kwamba dhamiri iliniamsha. Kilichonisukuma ni kwamba alinisalimia asubuhi kama kawaida, "Kaka, shikamoo," bila kinyongo, na nikashindwa kumtazama. Nikamwendea meneja nikamweleza kuhusu saa 1:40. Alinyamaza kidogo akauliza, "Sasa mbona hukusema siku ile?" Sikuwa na jibu, na mpaka sasa sina. Daraja likarudishwa. Kwenye tathmini yangu pakaingia mistari miwili ambayo nilistahili.

Nimeulizwa mara nyingi na wanafunzi wengine, yeye angefanya nini. Angeweza kumwendea meneja moja kwa moja. Kwenye vitabu hilo ndilo jibu, na Kanuni za Maadili za kimataifa za wahasibu zina sehemu nzima, ya 270, kuhusu shinikizo la kumfanya mtu avunje misingi ya taaluma. Lakini kumwambia mtu wa mwezi wa tano amruke kiongozi wake saa mbili kasoro usiku, kwa ajili ya anwani ya baruapepe, ni kumpa dawa ambayo hataimeza. Angeweza kumuuliza mlezi wake wa ofisini. Kila mwanafunzi wetu alikuwa na mlezi, ambaye kazi yake msimu huo ilikuwa kutopatikana. Kwa maoni yangu njia iliyokuwa karibu na mkono wake ni ndogo kuliko hizo zote: asingeweka tiki. Angeacha nafasi wazi na kuandika pembeni, "Jibu limepitia kwa mteja, anwani si ya kampuni, nimemuuliza kiongozi wa timu tarehe fulani." Hapo hamshtaki mtu. Anaeleza kilichotokea, na jalada lipo kwa kazi hiyo. Kiongozi akitaka kuifuta hoja hiyo, atalazimika kuifuta kwa jina lake mwenyewe, na ninajijua: ningeisoma mara mbili na kuchukua simu.

Ile sentensi ya kunakili ni kosa lake, sitamfichia. Alijua majibu manne hayakuja moja kwa moja na akaacha karatasi iseme vingine. Nilipomuuliza alisema, "Nilidhani hiyo ni kama kichwa cha habari, haiguswi." Karatasi ya mwaka jana ina heshima isiyostahili; imeshapitiwa na meneja, imeshapitiwa na mbia, mwanafunzi ni nani aibadilishe? Tangu hapo, ninayemfundisha namwambia achukue namba na umbo tu, maneno ayafute yote aanze na ukurasa mtupu. Inachukua nusu saa zaidi. Hiyo nusu saa nayo huandikwa.

Upande wangu ni mfupi. Kanuni hizo hizo za maadili, kifungu R113.2, zinamtaka mhasibu achukue hatua zinazofaa kuhakikisha walio chini yake wana mafunzo na usimamizi unaostahili. Mafunzo alipewa na kampuni. Usimamizi ulikuwa mimi, na usiku ule haukuwapo, ingawa mwili wangu ulikuwa kitini.

Kuhusu chuo sina mengi. Mhadhiri wake alikuja mara moja katika mwaka mzima, tukanywa chai, akaniuliza anaendeleaje, nikasema vizuri sana, akasaini. Kitabu chake cha kumbukumbu za mafunzo wiki ile kimeandikwa, "Nilishiriki ukaguzi wa wadaiwa." Nami nilitia saini chini yake. Kama mhadhiri angemuuliza mwanafunzi swali moja tu, niambie jambo moja ulilotilia shaka mwezi huu na lilivyoishia, angepata mada ya kumtosha mpaka jioni.

Alimaliza mwaka wake. Miezi iliyobaki alikuwa mzito zaidi na bora zaidi, na aliuliza mpaka nikachoka, nikakumbuka sina haki ya kuchoka. Kampuni ilimpa barua ya ajira. Aliondoka nayo bila kusema kama atairudisha na saini. Kabla ya kuondoka aliongeza safu moja kwenye karatasi ya wadaiwa, kati ya salio la mdaiwa na tofauti, akaiita "Limefikaje". Kila jibu na njia yake.

Taimushiti tuliisahihisha pia, na hilo lilikuwa gumu kuliko barua. Kuandika 31 kulimaanisha kazi ile imeleta faida ndogo kuliko ilivyoripotiwa, na kuna watu juu yangu ambao hupimwa kwa namba hiyo. Meneja alihema, akaidhinisha. Msimu uliofuata, tulipokaa kupanga bajeti ya mteja huyo huyo, nilikuja na 31 yangu na lile daftari dogo, ambalo mwenyewe aliniachia. Nilionyeshwa 18 za miaka miwili. Nikaonyesha maboksi 14. Nikaambiwa mteja sasa amepanga hati zake kwa majina ya wanunuzi, kwa hiyo saa 9 za stoo hazipo tena, na hilo lilikuwa kweli nusu. Nikaomba 28. Tulimaliza kwa 24.